Muhula Niliosimama Upande wa Mkwe Wangu

Jumatatu, Januari 5

Shule zinafunguliwa wiki ijayo na nina sare sabini na mbili mezani. Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu leo nimefanya jambo ambalo nisipoliandika, kesho nitajidanganya kwamba sikulifanya.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, alifika saa nne asubuhi. Alikuja na watoto wake wawili, wote watatu hawana viatu, na mkono wake wa kushoto ameushikilia kwa wa kulia. Nilikuwa napiga pasi kola. Nikamtazama, nikamuuliza, "Umemfanya nini?"

Sikuuliza amefanywa nini. Nilitaka kujua yeye amemfanya nini mwanangu. Alikaa kwenye benchi la wateja, na mjukuu wangu mkubwa, msichana wa miaka minane, akaenda moja kwa moja kujaribu kama komeo la mlango linafunga.

Jioni ya siku hiyohiyo

Mfupa mmoja umevunjika chini ya kiwiko. Pale kliniki muuguzi alishindwa kupandisha mkono wa gauni kwa jinsi ulivyobanwa na uvimbe, akaomba mkasi. Nikamwambia mkasi ninao kwenye mkoba, mimi ni fundi.

Gauni lile nililishona mwenyewe mwezi wa kumi. Kola ya juu, mikono mirefu, vifungo vitatu kwenye kila kifundo. Nilianzia kwenye vifungo nikaenda na mshono hadi begani, na kila nilipofungua nilikuta alama: za kijani, za manjano, na nyingine za zamani zilizogeuka nyeusi. Miaka mitatu mkwe wangu ananiletea vitambaa akiomba mikono mirefu, hata miezi ya joto ambayo mimi mwenyewe nashona nikiwa na kanga moja. Nami nikawa najisifu kwa majirani kwamba mwanangu kaoa mwanamke wa heshima anayejua kujisitiri. Mwaka juzi nilimwongezea kola ya juu bila yeye kuomba, kama zawadi.

Muuguzi aliniambia, "Una mkono mwepesi, mama." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alhamisi, Januari 8

Sare zimekwisha. Sikuchelewesha hata moja. Miaka thelathini na moja sijawahi kuchelewesha sare, na sitaanza mwaka huu kwa sababu ya mtu.

Jumatatu, Januari 12

Shule zimefunguliwa. Mjukuu nimemwandikisha shule ya hapa mtaani. Sare yake nimeishona kwa macho tu. Nilipomsogelea na utepe wa kupimia alijikunja chini, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Mama yake akasema kwa sauti ndogo, "Mkanda." Nikaurudisha utepe kwenye droo. Sketi imekaa vizuri kiunoni, imezidi kidogo tu upande wa pindo. Nasema bila aibu, mafundi wanaoweza hivyo hapa mjini hawafiki watatu.

Nimempa jina la Mkaguzi, maana hakuna komeo, dirisha wala kufuli ya nyumba hii ambayo hajaikagua. Mdogo wake wa miaka minne namwita Bwana Mkubwa. Huyo hakagui kitu, anakula.

Jumanne, Januari 20

Nimemwomba radhi mkwe wangu kwa lile swali. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano ili nisimtazame usoni. Akasema, "Mama, nilijua utaliuliza. Kila mtu angeuliza. Kaka zangu waliuliza, wakanirudisha kwake mara mbili. Lakini wewe nilijua ukishapata jibu hutalikimbia."

Sijui alijuaje. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika huo.

Jumatano, Januari 28

Afisa wa ustawi wa jamii, yule tuliyeelekezwa na kliniki, amekuja tena. Ni mwanamke mwembamba mwenye mkoba mzito, anaongea polepole utadhani kila neno analipima kwanza. Tumefungua shauri. Mkwe wangu anaomba mahakama itoe amri ya kumzuia mwanangu asimkaribie, na watoto wakae na mama yao. Litasikilizwa Aprili 2. Hakimu akikataa, mwanangu anaweza kuja kuwachukua watoto mchana kweupe na mimi nikabaki natazama.

Alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni. "Mama, kuna jambo moja. Mkweo anaweza akataka kurudi kwa mumewe. Wengi hurudi, tena zaidi ya mara moja. Akifika hapo, usimtishe."

Nikamwambia mimi si mtu wa kutisha watu. Akatabasamu, akachukua mkoba wake.

Jumanne, Februari 3

Joto. Hakuna jipya. Mkaguzi amekula bila kugeuka kuangalia mlango. Nilihesabu: vijiko kumi na viwili.

Jumatano, Februari 11

Mwanangu amekuja.

Mkwe wangu alikuwa kliniki kuangaliwa plasta. Mimi nilikuwa nakata suruali za kaptura, Mkaguzi ametoka shule anapanga vifungo kwa ukubwa, Bwana Mkubwa amelala juu ya mabaki ya vitambaa. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Akasimama pale, shati limenyooka, amenyoa vizuri, akatabasamu lile tabasamu ambalo tangu mtoto lilikuwa linanifanya nisahau alichovunja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuwachukua wanangu. Wewe umechoka, una kazi nyingi. Na huyu mwanamke asikuchoshe na hadithi zake. Unajua nilivyo, mama. Nina maneno, lakini si mtu mbaya."

Niligeuka kumwangalia Mkaguzi, hayupo. Vifungo viko mezani, yeye hayupo. Alikuwa chini ya meza ya kukatia, kimya kabisa, amemvuta mdogo wake akamlaza kifuani na kumziba mdomo kwa kiganja. Yule mtoto alikuwa bado usingizini. Alizibwa mdomo kabla hajaamka ili asije akaamka na kulia. Mtoto wa miaka minane hajifunzi jambo kama hilo kwa siku moja.

Nikamwambia mwanangu, "Toka."

"Mama?"

"Toka dukani kwangu."

Tabasamu likaondoka. Sikuwahi kuuona uso uliokuwa chini yake. Alilipiga teke sanduku la nyuzi, roli zikatawanyika hadi barabarani. "Basi utazeeka peke yako! Utakufa peke yako na hiyo cherehani yako!" Nilikuwa bado nimeshika mkasi mkubwa wa kukatia. Sikuuinua, ila sikuuweka chini pia. Akaondoka.

Nilikaa sakafuni. Mkaguzi alitoka chini ya meza, akafunga komeo, kisha akaanza kuokota roli moja moja na kuzipanga kwa rangi. Nililia mbele yake. Ningependa kuandika kwamba sikulia.

Jumamosi, Februari 14

Plasta imetolewa. Mkono ni mwembamba, lakini unafunga na kufungua mkasi.

Alhamisi, Februari 19

Mkwe wangu ameniomba ajaribu kukata. Nikamwachia kitambaa cha sketi kumi, nikajifanya sitazami. Akazungusha vipande, akageuza kimoja juu chini, akatoa sketi kumi na moja. Kumi na moja! Mimi kitambaa kile hunitoa kumi, na hizo kumi najisifu nazo. Nimemjua miaka tisa kama mke wa mwanangu, mpole, asiye na neno. Kumbe kichwani mna akili hiyo, na muda wote ameitumia kukadiria mumewe ataingia nyumbani na hali gani.

Nikamwambia, "Umebahatisha." Akacheka. Mara ya kwanza namsikia akicheka kwa sauti, na kicheko chake kina mikwaruzo.

Jumapili, Februari 22

Kikao cha familia, maana yake shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Amekuja na maneno yake matamu.

"Shemeji, haya ni mambo ya ndani ya nyumba. Mahakama ya nini? Kijana ana hasira tu, atakua."

"Ana miaka thelathini na minne. Amebakiza kukua wapi?"

"Damu yako ile."

"Na hawa wawili ni damu ya nani? Wameokotwa?"

Akamgeukia mkwe wangu, akampa simu yake asikilize ujumbe wa sauti. Mwanangu analia, anaomba msamaha, anasema hali, halali. Mkwe wangu aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akaurudia. Sikupenda alivyourudia.

Jumatano, Machi 4

Bwana Mkubwa amecheleweshewa uji, akapiga meza kwa ngumi na kumwambia mama yake, "Nitakuonyesha!" Ilikuwa sauti ya mwanangu kabisa, imetoka kwenye kinywa chenye meno ya utotoni. Mkwe wangu alipiga magoti, akamshika vile vingumi, akamwambia, "Hapa mtu akiwa na njaa anasema, nina njaa." Akamfanya aseme mara tatu. Kisha akampa uji.

Mimi nilitoka nje kidogo. Nilijiuliza mwanangu alipokuwa na miaka minne akapiga meza, nani alipiga magoti. Nilikuwa nacheka, nakumbuka vizuri. Nilisema huyu ni dume.

Jumatatu, Machi 9

Mvua imeanza leo, kubwa, tangu alfajiri. Siku mbaya kuliko zote, na safari hii mbaya ni mimi.

Nilirudi kutoka kununua zipu nikakuta mkwe wangu anafunga nguo za watoto kwenye begi. Ameongea na mumewe kwa simu. Mumewe ameahidi kubadilika. Ameacha pombe. Ameapa kwa kaburi la baba yake.

Nilipandwa na hasira, nikalowa mvua na hasira pamoja. Nilimwambia mimi nimefukuza mwanangu kwa ajili yake. Nilimwambia watu wananicheka. Nilimwambia hana shukrani, ni mjinga, akitoka asirudi tena hapa hata akija na mikono miwili imevunjika. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeuziba, na sauti yangu imejaa chumba kizima.

Kisha nikaona. Mkaguzi amekaa kwenye kona, ameziba masikio. Mkwe wangu ameinamisha kichwa, ameinua bega moja kidogo, tayari. Alikuwa ananisubiri nimpige.

Nilisogea kutoka mlangoni. Nikakaa kwenye benchi la wateja. Nikasema, "Nisamehe. Hayo si ya kusema. Ukienda, mlango huu ni wako, hata ukirudi mara kumi. Sitauliza kitu." Kila neno lilikuwa chungu, maana nilitaka kupiga kelele bado.

Mvua inapiga bati. Mkaguzi akaondoa mikono masikioni, akamuuliza mama yake, sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza leo kuna nini cha kula: "Safari hii tukikimbia, tutapata muda wa kuvaa viatu?"

Mkwe wangu aliitazama miguu ya mwanawe. Akafungua begi. Akaanza kutoa nguo moja moja, akazikunja upya, akazirudisha kwenye kabati. Ilimchukua nusu saa, na mimi sikuthubutu hata kukohoa.

Jumanne, Machi 10

Nimemsimulia afisa wa ustawi nilivyosema jana. Sikuficha neno. Akasema, "Na ulinyamaza mwenyewe, bila mtu kukunyamazisha?" Nikasema ndiyo. "Basi watoto wameona kitu ambacho hawajawahi kukiona." Nimelala na hilo.

Jumanne, Machi 17

Mvua. Afisa ana wasiwasi. Mfupa una karatasi ya kliniki, lakini hakimu atauliza yalianza lini, na mkwe wangu hana ushahidi. Alikuwa akinunua dawa za maumivu na kusema ameteleza bafuni.

Nikafungua daftari hili upande wa mbele. Mimi huandika kila kazi: tarehe, vipimo, na maagizo ya mteja. Nikamsomea. Machi, miaka mitatu iliyopita: gauni, ongeza mikono hadi kifundo. Agosti: kola ipande hadi shingoni, haraka. Desemba, joto kali: mikono mirefu, kitambaa kizito kisichoonyesha. Mkwe wangu alikuwa anapiga pasi. Kwa kila tarehe alisema ilikuwa nini, bila kusimamisha pasi. Shingo. Bega. Chai ya moto. Mara kumi na nne. Na kiuno kinapungua kila mara, mwandiko ni wangu, na kwenye kimoja nimeandika pembeni: mwambie ale.

Afisa aliweka kalamu chini. "Mama, ulikuwa unaandika ushahidi."

"Nilikuwa naandika gauni," nikamwambia. "Ningekuwa na akili ningeusoma."

Jumatano, Machi 25

Mkaguzi amepigana shuleni. Amempiga mvulana aliyemvuta nywele rafiki yake. Mwalimu wa darasa kaniita. Nimemwambia mjukuu kwamba kupigana si vizuri. Nilijitahidi nisitabasamu mpaka nilipofika kwenye kona.

Alhamisi, Aprili 2

Nimevaa suti niliyojishonea miaka tisa iliyopita kwa ajili ya harusi nisiyoitaja. Mkwe wangu alivaa blauzi ya mikono mifupi, ameikata na kuishona mwenyewe. Alama za mkono wake zilikuwa wazi kwa kila mtu. Nilitaka kumpa mtandio, nikajiuma ulimi.

Hakimu ni mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Akaniuliza, "Wewe ni mama wa nani kati ya hawa wawili?"

"Wa mlalamikiwa, mheshimiwa. Lakini nimekuja na mlalamikaji."

Watu wakanong'ona. Nikasoma daftari. Tarehe na agizo, tarehe na agizo, sikuongeza neno. Nilipomaliza, mwanangu alipewa nafasi ya kuniuliza. Alisimama. Alikuwa amekonda, na mimi ni mama, niliona kwamba kifungo cha pili cha shati hakipo.

"Mama, uliwahi kuniona kwa macho yako nikimpiga?"

"Hapana."

Akamgeukia hakimu kama mtu aliyeshinda.

"Sikukuona," nikasema, "kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashona vya kuficha. Miaka mitatu. Wewe ulipiga, mimi nikafunika, na nilifunika vizuri, mheshimiwa, maana mimi ni fundi mzuri. Leo nimekuja kufumua."

Sikuwa nimeipanga kauli hiyo. Mwanangu alikaa.

Kisha hakimu akavua miwani. "Mama, unaelewa ninachoombwa? Mkweo na watoto wanaishi kwako. Nikitoa amri hii, mwanao hataruhusiwa kukanyaga nyumba yako kwa mwaka mzima. Si kwao tu. Hata kwako, hata ukiugua."

Nilikuwa nimelifikiria hilo tangu Januari, nikidhani nimelimaliza. Pale mbele likaja upya. Nilimzaa peke yake. Nilimbeba mgongoni nikiendesha cherehani kwa mguu mmoja.

"Nimeelewa," nikasema. Ilibidi niseme tena, mara ya kwanza haikusikika.

Amri imetolewa. Watoto wanakaa na mama yao. Baba ataonana nao saa moja kila wiki mbili kwenye ofisi ya ustawi, afisa akiwepo, endapo anahudhuria ushauri, na endapo mtoto mwenyewe anakubali. Mkwe wangu alisimama wima mpaka neno la mwisho. Tulipofika kwenye ngazi ndipo alipokaa, akaweka kichwa mapajani, na mimi nikakaa kando yake na suti yangu nzuri kwenye ngazi chafu.

Jumatatu, Aprili 6

Mkwe wangu amepata kazi ya sweta arobaini za shule. Si mimi niliyeipata. Alienda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, na sampuli yake mkononi. Nimeikagua mishono yake nikitafuta kosa. Sikupata, na nilitafuta kweli.

Jumamosi, Aprili 18

Shule zimefungwa jana. Leo ilikuwa siku ya kwanza ya kuonana.

Ofisi ya ustawi ina vyumba viwili na ukumbi mwembamba katikati. Mwanangu alifika mapema. Nilimwona kwa mlango ulioachwa wazi kidogo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ana mfuko wa biskuti magotini. Bwana Mkubwa alisikia biskuti, akaingia na afisa msaidizi bila kuaga mtu.

Afisa wetu alichuchumaa mbele ya Mkaguzi. "Baba yako yupo chumba kile. Unataka kumwona leo? Ukisema ndiyo, nitakaa na wewe. Ukisema hapana, ni sawa pia."

Mtoto akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dirishani, makusudi, ili asimpe jibu. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nisiandike uongo: nusu ya moyo wangu ilikuwa kwenye kile kiti cha plastiki, ilitaka aseme ndiyo.

"Leo sitaki," akasema. Kwa sauti. Mlango ulikuwa wazi, baba yake amesikia.

Niliona mabega ya Mkaguzi yakipanda, anasubiri. Tukasubiri naye. Afisa akafungua faili, akaandika, akamsomea alichoandika: "Amesema leo hataki." Akamuuliza, "Nimeandika sawasawa?"

"Ndiyo."

"Basi."

Mabega yakashuka taratibu.

Tulipokuwa tunaondoka nilipita mbele ya ule mlango. Mwanangu alikuwa na macho mekundu. Akasema chini chini, "Umemfundisha wewe."

Afisa aliniruhusu kwa kichwa. "Sikumfundisha," nikamwambia. "Amekwambia hapana, mwanangu, na hakuna aliyepigwa. Wewe pia hujapiga. Kaa hapo uendelee hivyo, na mimi nitakuja kukusalimia hapa kila wiki mbili, maana kwangu huruhusiwi."

Akamfungulia mtoto wake biskuti.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Mkwe wangu aliniuliza kama nipo salama, nikamwambia niulize kesho. Mkaguzi alikuwa ametangulia mbele yetu, anaruka madimbwi, anajaribu lile neno peke yake kwa sauti tofauti tofauti, nene, nyembamba, ya wimbo. Sitaki. Sitaki. Sitaki. Watu barabarani wakawa wanageuka kumtazama, na hatukumnyamazisha mpaka nyumbani.